Kanga Iliyo Sandukuni Haisemi

Dereva aliyenitoa Yeoville asubuhi ile ya Jumamosi alikuwa mtu wa Bukavu, na kwa furaha ya kupata abiria wa kuzungumza naye Kiswahili alisahau hata kuwasha redio. Akauliza naenda Braamfontein kufanya nini. Nikamwambia naenda kuliona jengo la maabara, maana huku Johannesburg kuna madaktari waliosaidia kuichambua saratani moja kali ya damu ambayo mara nyingi huanzia kwenye ufizi. Akanitazama kwenye kioo.

"Mama, sasa kama ni kansa ya damu, namna gani inatokea mu meno?"

Kwa miaka yote niliyoandika habari za afya, hakuna mhariri aliyewahi kuniuliza swali zuri kiasi hicho. Nilijaribu kumjibu tukiwa tumekwama kwenye foleni ya Hillbrow, na jibu langu likachechemea. Nimelifanyia kazi tangu siku ile.

Tukisema damu tunafikiria maji mekundu ya mishipani. Lakini damu ina wakazi wake ambao muda mwingi hawapo nyumbani. Seli nyeupe, askari wa mwili, huzaliwa ndani ya mifupa, hupita mishipani kama abiria, kisha hupiga kambi kwenye tezi za shingo na kwapa, kwenye mafindofindo, kwenye utumbo, na ndiyo, kwenye ufizi, kwa sababu kinywa ni lango na lango halikosi mlinzi. Askari hao wakiharibikiwa wakiwa kambini, kinachoota ni uvimbe. Ni saratani ya damu bado, ila imevaa umbo la nyama. Madaktari huiita limfoma.

Hii ninayoisimulia inaitwa limfoma ya plazmablasti. Mwenendo wake hautofautiani sana kati ya mgonjwa na mgonjwa: mtu mzima, mara nyingi anayeishi na virusi vya Ukimwi na pengine hajui, anaona jino linalegea. Ufizi umevimba lakini hauumi sana. Anakwenda kung'oa. Shimo halifungi, na badala ya kidonda kupona, nyama inaota pale jino lilipokuwa. Kufikia hapo zimepita wiki, si miaka. Ugonjwa huu uliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1997, na kundi la madaktari wa Ujerumani waliokusanya wagonjwa 16, karibu wote wakiwa na VVU. Kwa Ulaya 16 ni mkusanyiko wa kujivunia. Kwa nchi yenye watu zaidi ya milioni 7 wanaoishi na virusi hivyo, kama Afrika Kusini, ni watu unaoweza kuwaona kwenye foleni.

Msomaji wa Afrika Mashariki hapa ataguna. Taya, meno kulegea, uvimbe unaokua kama umetiwa hamira: habari hii si ngeni kwetu. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, Dk. Hugh Trowell alimwita mwenzake Denis Burkitt amtazame mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji, na uvimbe ule haukufuata kanuni yoyote aliyofundishwa. Mwaka uliofuata aliandika kuuhusu, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakaingia katika gari la mtumba aina ya Ford na kuteremka kusini kwa wiki 10, maili 10,000, wakisimama hospitali hadi hospitali na kuonyesha picha: mnawaona watoto kama hawa? Ramani waliyorudi nayo ilifuata joto na mvua. Kutoka kwenye vipande vya uvimbe vilivyopelekwa London kwa ndege kutoka Kampala, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza mwaka 1964 kuwa wameona virusi. Virusi hivyo, ambavyo leo vinaitwa Epstein-Barr, ndivyo vinavyokutwa ndani ya seli za wengi wa wagonjwa wa plazmablasti wenye VVU. Ni kama ndugu wawili waliozaliwa mbalimbali wakarithi kasoro moja ya mdomo.

Jengo lenyewe sikuingia. Ilikuwa Jumamosi, mlinzi alikuwa mpole lakini hakuwa mjinga. Nililitazama kutoka barabarani, pale Hospital Street inapopakana na mlima wa Constitution Hill: kazi ya msanifu Herbert Baker, nzito na tulivu. Taasisi iliyojengewa jengo hili ilianzishwa mwaka 1912, na haikuanzishwa kwa huruma. Wachimba dhahabu walikuwa wakifa kwa kichomi, na waliofungua mifuko ni serikali pamoja na shirika la kuandikisha vibarua wa migodi, lile lile ambalo wazee wa Rungwe na Mbeya wanalikumbuka kwa jina la Wenela. Babu za watu ninaowafahamu walipanda magari yake kwenda kuchimba dhahabu chini ya mji huu, mpaka Tanganyika ilipopata uhuru na uandikishaji ule ukakatazwa. Basi maabara hii tangu mwanzo iliishi kwa kupima miili ya wageni. Mwaka 2001 ikaingizwa katika Huduma ya Taifa ya Maabara za Afya, NHLS, ambayo madaktari wake wengi ni walimu pia wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Wits, mwendo wa dakika chache kwa miguu.

Sasa nirudi kwenye swali la dereva, maana lina nusu ya pili ambayo hakuiuliza. Askari wa damu anaharibikaje?

Marehemu bibi yangu alikuwa na sanduku la kanga. Mombasa wangeziita leso. Zilikuwamo doti kwa doti, nyingine hazijawahi kukatwa pindo, na kila moja ina jina lake. Lakini jirani hakujua lolote kuhusu sanduku. Jirani alisoma ile iliyovaliwa. Siku bibi akitoka nje na kanga fulani kiunoni, mtaa mzima ulijua nani amesemwa. Kanga iliyo sandukuni haisemi.

Karibu kila seli ya mwili wako ina sanduku lile lile. Ndani yake kuna jeni takriban 20,000, na kwa kawaida kila moja ni doti: kipande kimoja cha mama, kimoja cha baba. Seli ya ini na seli ya jicho zina sanduku moja. Tofauti yao ni kilichotolewa na kuvaliwa. Jeni inapotolewa, seli hunakili maneno yake, kisha nakala hiyo huundwa kuwa protini, na protini ndiyo kanga iliyo mwilini, inayoonekana na kufanya kazi. Kwa hiyo unaweza kumchunguza mgonjwa kwa njia mbili. Ama unafungua sanduku na kuhesabu, ama unasimama mlangoni na kutazama nani amevaa nini. Majibu ya njia hizi mbili hayafanani kila mara, na utamu wa habari ya limfoma hii uko hapo hapo.

Anayeshambuliwa ni askari aitwaye seli B. Katika ujana wake huvaa protini iitwayo CD20. Anapokomaa, akawa tayari kutengeneza kingamwili kwa wingi, anabadilishwa mavazi kama mwali: jeni za usichana, PAX5 ikiwa kiongozi wao, zinafungwa, CD20 inavuliwa, zinatolewa nyingine, kina PRDM1 na XBP1, na juu ya ngozi ya seli inaonekana CD138. Ndicho kisutu chake. Na bibi arusi aliyevaa kisutu anatulia: seli iliyokomaa hivyo haizaliani tena, kazi yake ni kutoa kingamwili tu. Plazmablasti ni seli iliyokutwa katikati ya njia. Imevaa kisutu, lakini bado inakimbia uwanjani na watoto. Ikipatwa na saratani katika hali hiyo, unapata uvimbe wenye sura ya seli tulivu na mwendo wa seli iliyopagawa.

Niliwahi kuketi mbele ya hadubini yenye viti viwili katika maabara moja ya Dar es Salaam, daktari akinionyesha kitu cha namna hii. Kipande cha nyama kilicholazwa kwenye formalini hukaushwa maji kwa spiriti, kisha hunyweshwa nta mpaka kiwe kitalu kidogo kama kipande cha sabuni ya hotelini. Fundi hukiweka kwenye mashine yenye wembe na kukata utando wa mikromita 3 au 4. Unywele wa kichwani umezidi hapo mara kumi na zaidi. Utando huelea juu ya maji ya uvuguvugu kama malai ya maziwa, na fundi huupakua kwa kioo kwa mkono usiotetemeka. Hapo hupakwa kingamwili inayojua kutafuta protini moja tu, na ikiipata, rangi ya kahawia hutokea. Seli zisizo nayo hubaki bluu.

Kioo cha kwanza kilikuwa cha CD20. Bluu tupu, kama bahari ya Chumbe saa nne asubuhi. Cha pili, CD138: kila seli imezungushiwa mstari wa kahawia, mwembamba, kama jicho lililopakwa wanja. Cha tatu hupima Ki-67, alama ya seli zinazojiandaa kugawanyika, na hapo rangi ilijaa karibu kila kiini. Katika ugonjwa huu mara nyingi huzidi asilimia 90. Daktari hakusema kitu. Alivirudisha vioo kwenye trei na kusafisha miwani yake.

Bluu ile ya kioo cha kwanza ina gharama yake. Mwaka huo huo wa 1997 ambao ugonjwa ulipewa jina, Marekani iliidhinisha rituksimabu, dawa iliyobadilisha matibabu ya limfoma duniani. Inafanya kazi kwa kuing'ang'ania CD20 na kuwaita askari wengine waje waue. Seli isiyovaa CD20 inapishana na dawa hii kama watu wasiojuana. Jeni ya CD20 imo sandukuni, nzima, haina kasoro. Haikuvaliwa. Na kwa hospitali yenye uwezo wa kununua kingamwili chache tu za uchunguzi, hatari ni kubwa zaidi ya kukosa dawa: ukipima CD20 peke yake ukaona bluu, unaweza kuamua kwamba hii si limfoma. Ukiongeza CD138 ndiyo kabisa unaweza kupotea, kwa sababu seli za ngozi ya kinywa nazo huivaa, na mgonjwa akaandikiwa saratani nyingine.

Upande wa sanduku, mtuhumiwa wa kwanza ni jeni iitwayo MYC. Kazi yake halali ni kuiambia seli ikue na igawanyike, na kwa kawaida husema kwa sauti ya chini na kwa muda mfupi. Katika saratani ya Burkitt, wanasayansi waligundua mwaka 1982 kwamba MYC imekatika kutoka kromosomu ya 8 na kuhamia, mara nyingi, kromosomu ya 14, jirani na jeni za kingamwili. Na jeni hizo, kwa seli B, hazilali. Mpangaji mkimya amehamia ubavuni mwa ukumbi wa arusi; taarabu inapigwa usiku kucha naye hana budi kuamka na kucheza. Timu ya Sonja Boy na Pascale Willem, Willem akiwa mtaalamu wa kromosomu wa Wits na NHLS, ilipopima uvimbe wa plazmablasti wa kinywani kwa Waafrika Kusini na kuchapisha mwaka 2011, zaidi ya nusu ya uvimbe huo ulikuwa na MYC iliyohama. Kipimo chenyewe kinapendeza macho: vitone viwili, chekundu na kijani, hubandikwa kila upande wa jeni. Jeni ikiwa nzima, vitone hugusana na kung'aa manjano. Ikikatika, unaona chekundu kule na kijani huku.

Huko Cape Town, kundi la Shaheen Mowla limeonyesha jambo linaloongeza uzito: protini za virusi vya Ukimwi vyenyewe, Tat na Nef, zinaweza kuipandisha MYC katika seli B zinazokuzwa maabara. Kwa miaka mingi tuliambiwa kuwa VVU huleta saratani kwa kuwaua walinzi tu. Huenda vinashika pia sauti na kuiongeza.

Kisha ukaja utafiti wa 2020, uliochapishwa katika jarida la Blood Cancer Discovery, na ndio ulionipeleka Braamfontein. Willem aliungana na Laura Pasqualucci, Raul Rabadan na wenzao wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na wakasoma masanduku ya wagonjwa 110, wote wa Afrika Kusini. Wagonjwa 15 walisomwa jeni karibu zote, 95 walisomwa jeni zilizochaguliwa. Kwa ugonjwa ambao ripoti nyingi za Ulaya na Marekani huhesabu wagonjwa kwa vidole, hii ni hazina, na nasema bila haya kwamba hazina hiyo ilitoka kwetu na msiba wetu.

Walichokuta: asilimia 42 walikuwa na kasoro katika STAT3, asilimia 14 katika JAK1, asilimia 10 katika SOCS1. Hizi ni jeni za njia moja. Kwa kawaida ujumbe hufika nje ya seli na kubisha hodi. JAK ndiye msikilizaji mlangoni, STAT3 ndiye mjumbe anayeingia mpaka chumba cha ndani na kuamuru kanga zipi zitolewe, SOCS1 ndiye anayemwambia inatosha, kaa chini. Kwa wagonjwa hawa mjumbe anaingia bila mtu kubisha, au msikilizaji anasikia hodi isiyokuwapo, au wa kusema inatosha hayupo. Mwisho ni ule ule: njia iko wazi saa zote. Asilimia 24 ya wagonjwa walikuwa na kasoro katika familia ya RAS, kina NRAS na KRAS, na wako wagonjwa wenye zaidi ya kasoro moja.

Lakini kilichonisimamisha mimi ni CD44. Ni protini ya juu ya seli inayosaidia askari kuamka na kujua pa kwenda. Walipohesabu sanduku, asilimia 37 ya wagonjwa walikuwa na nakala za ziada za jeni hiyo, kanga tatu nne za jina moja badala ya doti. Ungetegemea basi hao ndio waivae. Walipotazama protini, uvimbe wote uliopimwa ulikuwa umeivaa kwa wingi, wenye nakala za ziada na wasio nazo. Mtu aliyesoma jeni peke yake angesema CD44 inawahusu wachache. Aliyesimama mlangoni angesema inawahusu wote.

Naandika haya nikijua kwamba fedha za utafiti siku hizi zinakimbilia kwenye sanduku. Mashine za kusoma jeni zinapigwa picha na mawaziri. Fundi wa kukata nta kwa wembe hapigwi picha na mtu. Maoni yangu, na mtu anaweza kunibishia, ni kwamba hospitali nyingi za kwetu zingefaidika zaidi, na mapema zaidi, kwa chupa sita za kingamwili zisizokatika kuliko mashine moja ya kusoma jeni inayosubiri kemikali bandarini.

Kuna jengo jingine Braamfontein lisilopaswa kusahaulika katika habari hii. Kabla Mahakama ya Katiba haijahamia Constitution Hill mwaka 2004, kwenye uwanja wa gereza lililowafunga Gandhi na Mandela, ilikuwa ikikaa katika ofisi za kupanga hapa hapa Braamfontein. Hapo, Julai 5 mwaka 2002, iliiamuru serikali ya Rais Thabo Mbeki, iliyokuwa ikisitasita kuhusu dawa za Ukimwi, iwape wajawazito wenye VVU nevirapini ili wasiwaambukize watoto. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa kwa umma katika hospitali za serikali mwaka 2004. Seli B ya mtu asiye na kinga, iliyokaliwa na Epstein-Barr na kuchokozwa na VVU, inapata muda wa kukosea. Mtu aliyeanza dawa mapema anainyima muda huo. Kwa hiyo hukumu ile nayo naiona kama sehemu ya tiba ya saratani hii, ingawa hakuna jaji aliyekuwa akifikiria ufizi.

Tiba yenyewe bado ni ngumu. Dawa za kemo za mchanganyiko hupunguza uvimbe haraka, kisha kwa wengi hurudi. Tafiti nyingi zilizopita zilikuwa zikitaja uhai wa chini ya miaka miwili. Wengine hujaribu bortezomibu, inayoziba mfereji wa takataka wa seli, kwa hoja kwamba seli iliyojaa mashine za kutengeneza protini itasongwa na uchafu wake kabla ya jirani zake. Dawa za kuzima JAK zipo madukani tangu 2011, kwa magonjwa mengine. Bei yake siiandiki. Gazeti hili husomwa na wagonjwa pia.

Tulipokuwa tunarudi, tulipita ukuta wa makaburi ya Braamfontein. Nikamwambia dereva kuwa humo amelala Enoch Sontonga, aliyetunga ule wimbo ambao sauti yake ndiyo wimbo wetu wa taifa Tanzania. Hakuamini mpaka nilipomwimbia kwa mdomo uliofungwa. "Kumbe ni wa huku," akasema. Kisha, bila kugeuka, akarudi kwenye kisa cha Burkitt nilichomsimulia njiani: "Na ule mutoto wa Kampala, wa taya, alipona?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Nilimsimulia badala yake habari za Daudi. Mwaka 1967 kijana wa Kiafrika wa miaka 16 mwenye saratani ya Burkitt alitolewa seli za uvimbe, na seli hizo zikakubali kuishi ndani ya chupa. Zinaitwa Daudi katika katalogi za kila lugha, na zinauzwa kwa posta kwa yeyote mwenye maabara na leseni. Zina tabia moja iliyowapa wanasayansi kazi ya miaka mingi. Zile protini ambazo karibu kila seli huvaa ili kujitambulisha kwa askari wa mwili hazionekani juu ya Daudi. Jeni zake zimo sandukuni, zimekamilika. Kinachokosekana ni protini nyingine ndogo sana, kama pini, na bila pini kanga haikai mwilini.

Zinakaa kwenye joto la nyuzi 37, katika maji ya rangi ya juisi ya ukwaju mwepesi. Kila baada ya siku mbili tatu mtu huvaa glavu, huhamishia nyingine kwenye chupa mpya, na huandika ubavuni kwa kalamu isiyofutika: Daudi, na tarehe ya leo.